MIFUGO YANGU YA CHUPANI

Wako wenzetu katika shule hii wafugao kuku, na wako wafugao njiwa au sungura. Mimi nami ni mfugaji, ila mifugo yangu yote, hata nikiikusanya pamoja, haifikii uzito wa kifaranga. Haili pumba, haihitaji banda, wala hailii usiku. Inakaa katika chupa mbili kubwa za kioo, zilizokuwa za achari, juu ya meza iliyo karibu na dirisha la nyumbani kwetu hapa Morogoro. Ni viumbe vidogo vya maji ya dimbwi. Nimeona vema niwaeleze wanafunzi wenzangu, na walimu wetu, na wazazi wasomao jarida hili, jinsi nilivyowapata viumbe hao, jinsi wanavyotunzwa, na jambo moja walilonifundisha, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka jana, tulipokuwa Kidato cha Pili, mwalimu wetu wa Bayolojia alitusimulia habari za mtu mmoja wa mji wa Delft huko Uholanzi, jina lake Antoni van Leeuwenhoek. Mtu huyu hakusoma chuo kikuu; kazi yake ilikuwa kuuza nguo. Lakini alikuwa na mkono hodari wa kutengeneza lenzi ndogo, naye akapenda kuzitumia kutazama kila kitu kilichomjia mbele. Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa lililo karibu na mji wake, akayatazama, akaona viumbe vingi vikienda huku na huko ndani ya tone moja. Akawaandikia wataalamu wa London habari hizo. Mwalimu alipomaliza alisema, "Leeuwenhoek hakwenda mbali. Alichota maji ya jirani." Maneno hayo yalinikaa moyoni, maana maji ya jirani sisi tunayo tele.

Nilirudi nyumbani nikamwomba Baba ruhusa ya kuweka maji ya dimbwi katika chupa. Baba hakuwa na neno, lakini Mama alikataa kabisa. Naye alikuwa na haki. Mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati huo alikuwa darasa la tano, alikuwa ameugua kichocho mwaka ule ule. Alikuwa akikojoa damu, naye kwa kuona haya hakumwambia mtu, mpaka Mama alipoiona nguo yake siku ya kufua. Alipelekwa hospitali, akapimwa, akapewa vidonge vya prazikwanteli, akapona. Lakini Mama hakusahau hofu aliyoipata. Akaniambia, "Mwanangu, dimbwi lile limekwisha kunitesea mtoto mmoja, nawe wataka kulileta mpaka sebuleni?"

Baba akakata shauri kama hakimu. Akatoa masharti matatu. La kwanza, mkono wa mtu usiingie katika maji yale hata mara moja. La pili, siku atakapotoka mbu mmoja tu katika chupa, zote zitamwagwa siku hiyo hiyo. La tatu, muhula utakapokwisha, niseme mbele ya watu wote wa nyumbani jambo lenye faida nililojifunza. Nikiwa sina la kusema, chupa zirudi jikoni zikatiwe achari. Mama alikubali, lakini nilimwona dhahiri kwamba alikuwa akizihesabu siku.

Basi sikwenda dimbwini kwa pupa. Dimbwi lenyewe liko nyuma ya majaruba ya mpunga, na watoto wengi huogelea huko. Nilivaa mabuti ya mpira, nikafunga kopo kwenye ncha ya mti mrefu, nikachota nikiwa nimesimama pakavu. Tena nilikwenda asubuhi na mapema, maana viini vya kichocho hutoka kwa wingi mchana, jua likiwa juu. Nilichota maji, na matope kidogo ya chini, na mimea miwili mitatu ya majini pamoja na majani yake.

Utunzaji wake si kazi kubwa. Chini ya chupa niliweka mchanga uliooshwa vizuri, kisha maji, kisha mimea. Chupa yafaa iwe mahali penye mwanga lakini isipigwe na jua lenyewe, maana maji machache hupata moto upesi na viumbe hufa. Maji yakipungua, huongezwa ya mvua. Ya bomba yana dawa ya klorini iwadhuruyo viumbe wadogo. Mimea nayo hutoa hewa wanayovuta wanyama, na wanyama hutoa hewa inayoitumia mimea, na kwa hiyo chupa hukaa miezi bila kubadilishwa maji, ikiwa mtu hakujaza wanyama kupita kiasi. Juu ya kila kinywa cha chupa nilifunga kipande cha chandarua kikuukuu, tabaka mbili, kikakazwa kwa mpira. Hayo yalikuwa kwa ajili ya sharti la pili.

Siku mbili za kwanza hapakuwa na la kuona. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa, na Mama akapita akauliza, "Ndiyo mifugo yenyewe hiyo?" Siku ya tatu tope lilikuwa limetua, na nilipoiweka lenzi ya kukuzia mbele ya kioo niliona mji mzima.

Walio wengi walikuwa dafnia, ambao wengine huwaita viroboto wa maji kwa sababu ya kurukaruka kwao, ingawa hawamwumi mtu. Urefu wao ni milimita mbili hivi. Mwili wa dafnia huona mpaka ndani. Kwa lenzi tu waweza kuuona moyo wake ukipiga mgongoni, tena upesi hata huwezi kuhesabu. Chakula chake ni chembe ndogo za kijani zilizomo majini, naye huzichuja kwa miguu yake, na hivyo ndivyo maji ya chupa yalivyozidi kung'aa siku hata siku. Ajabu nyingine ni kwamba maji yakiwa mema, majike huzaa majike bila dume yeyote, nao huyabeba mayai yao katika mfuko ulio mgongoni mpaka yaanguliwe. Dimbwi likikaribia kukauka ndipo madume huonekana, na majike hutaga mayai ya namna nyingine, yenye ganda gumu jeusi. Mayai hayo hulala katika udongo mkavu, hata kwa miaka, yakingoja mvua.

Pamoja nao walikuwako saiklopu. Jina hilo limetoka katika hadithi za kale za Wayunani, palipokuwa na jitu lenye jicho moja. Na kweli saiklopu ana jicho moja tu, jekundu, katikati ya kichwa. Jike huenda amebeba vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande, kama mtu atokaye sokoni na vikapu viwili. Huyu nitamrudia, maana ana habari yake.

Wiki ya pili niliona kwenye kioo kitu kama uzi wa kijani, urefu wa nusu sentimita, chenye nyuzi ndogo zaidi kichwani. Mwalimu alipokuja kututembelea aliniambia kuwa huyo ni haidra. Dafnia akizigusa nyuzi zile hupooza papo hapo, maana zina sumu kama upupu, na polepole huvutwa mpaka kinywani. Mwaka 1740 mwalimu mmoja aitwaye Abraham Trembley, mzaliwa wa Geneva, alikuwa akiwafundisha watoto wawili wa mkuu mmoja huko Uholanzi. Wakamwona haidra katika maji ya mtaro waliyoyaweka chupani. Trembley hakujua kama ni mmea au mnyama, akamkata vipande viwili ili ajue. Baada ya siku chache kila kipande kilikuwa haidra mzima, mwenye kichwa chake na mguu wake! Habari hizo ziliwastaajabisha wataalamu wa Ulaya nzima. Nami hufurahi nikikumbuka kwamba zilianza na mwalimu, wanafunzi wawili, na chupa ya maji ya mtaro.

Sasa nije kwenye viluwiluwi wa mbu, ambao ndio waliokuwa hatari kwangu. Nilipochota maji walikuwamo zaidi ya ishirini. Ningaliweza kuwamwaga, lakini nilikuwa nimepata pia mtoto wa kereng'ende. Kereng'ende mkubwa sote twamjua, lakini wengi hawajui kwamba mtoto wake huishi majini, hana mbawa, ana rangi ya tope, na ni mkali kuliko simba. Mdomo wake wa chini ni mrefu, hukunjwa chini ya uso kama mkono uliofichwa kwapani. Kitoweo kikipita, huufyatua, ukakamata, ukarudi, kabla jicho lako halijatambua. Basi nikagawa chupa zangu: moja nikaiita chupa ya wapole, na nyingine chupa ya wakali. Viluwiluwi wote nikawahamishia kwa wakali, kwa kijiko cha mpini mrefu. Siku ya kwanza mtoto wa kereng'ende alikula viluwiluwi saba. Siku ya nne hakubaki hata mmoja, na chandarua hakikuwa na kazi.

Kabla hawajaliwa niliwatazama sana. Wengine walining'inia kichwa chini, wakivuta hewa kwa mrija ulio mkiani. Hao ni wa mbu wa kawaida aitwaye Kuleksi. Wengine walilala sambamba na uso wa maji kama vijiti vinavyoelea. Hao ndio wa mbu Anofelesi, aenezaye malaria. Tangu yai mpaka mbu kuruka ni siku kama kumi tu wakati wa joto. Nikaenda kuwaonyesha Baba na Mama, na jioni ile ile Baba akazunguka uani, akapindua makopo na tairi bovu lililokuwa limekusanya maji ya mvua. Ndani ya tairi walikuwako wengi kuliko waliokuwa chupani mwangu.

Nilimwuliza mwalimu kama viluwiluwi wa Anofelesi wana malaria. Akajibu kuwa hawana. Akatueleza habari za daktari Ronald Ross, ambaye mwezi wa Agosti mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, aliviona viini vya malaria katika tumbo la mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa. Mbu hupata malaria kwa kunyonya damu ya mtu aliye nayo, kisha humpelekea mwingine. Wala hawarithishi watoto wake viini hivyo kwa njia ya mayai. Kwa hiyo kila mbu Anofelesi atokapo majini huwa safi. Neno hilo nililiandika katika daftari langu, ingawa wakati huo sikujua bado kwamba ningelihitaji.

Baadaye Bibi, mama yake Baba, alikuja kukaa kwetu kwa wiki tatu. Bibi ana desturi ya kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, kama alivyofanya kijijini maisha yake yote, na wajukuu tulizoea kumtania. Siku moja alitazama katika chupa kwa lenzi, akawaona saiklopu, akasema, "Mnaona sasa? Hao ndio niliokuwa nikiwachuja mimi." Tukajaribu. Tulimimina maji ya chupa ya wapole juu ya kitambaa chake, na kweli, saiklopu na dafnia wote walibaki juu.

Bibi hakujua kwamba kitambaa cha namna hiyo kimeokoa watu wengi katika nchi nyingine. Uko ugonjwa uitwao mnyoo wa Gini. Mtu akinywa maji yenye saiklopu waliokula viini vya mnyoo huo, mnyoo hukua mwilini mwake kwa muda wa mwaka mmoja hivi mpaka kufikia urefu wa karibu mita moja, kisha hutoboa ngozi, mara nyingi mguuni, kwa maumivu makali kama ya moto. Mgonjwa akiuingiza mguu majini apate nafuu, mnyoo humwaga viini vyake, na saiklopu wengine huvila. Ugonjwa huo hauna chanjo, na hakuna dawa ya kuuponya. Lakini mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3.5, na mwaka 2024 walikuwa watu 15 tu katika ulimwengu mzima. Jirani zetu wa Uganda walithibitishwa kuwa wameondokana nao mwaka 2009, na wa Kenya mwaka 2018. Kazi hiyo ilifanywa hasa kwa kuchuja maji na kuwazuia wagonjwa wasiingie visimani.

Hata hivyo mwalimu alituruhusu kulileta tone la maji yaliyochujwa na Bibi chini ya hadubini ya maabara, tukaona viumbe vidogo zaidi bado wakiogelea humo. Nilipomweleza Bibi alicheka akasema, "Kumbe kitambaa ni bawabu tu, askari ni moto." Tangu siku hiyo maji huchujwa kisha huchemshwa, wala hapana atakayemtania tena.

Nimewaacha konokono mwisho, kwa kuwa hao ndio waliokaribia kunipotezea mifugo yangu. Siku ya kwanza niliwatoa konokono wote saba waliokuja na maji, kwa kijiko, nikawamwagia maji ya moto. Walikuwa na magamba yaliyochongoka, na ncha ikiwa juu, mlango wa gamba ulikuwa upande wa kushoto. Hao ni wa jamii ya Bulinus, nao ndio wabebao kichocho cha mkojo. Lakini baada ya siku kumi hivi niliona konokono wadogo, kila mmoja kama kichwa cha pini, wakitambaa juu ya kioo cha chupa ya wapole. Mayai yao yalikuwa chini ya jani la mmea, ndani ya kitu kama tone la uji. Mdogo wangu ndiye aliyewaona wa kwanza, akapiga kelele, na Mama akaja mbio. Alipoona ni konokono alisema neno moja tu: "Mwaga."

Nilimwomba anipe mpaka kesho yake jioni nikamwulize mwalimu. Alinyamaza, kisha akaifunika chupa ile kwa kanga, akaiweka juu ya kabati, mahali ambapo mtoto asingeifikia. Nikafahamu kwamba nimepewa siku moja.

Kesho yake mwalimu alinichorea duara ubaoni. Mnyoo wa kichocho, ambao daktari Theodor Bilharz aliugundua mjini Cairo mwaka 1851, huishi katika mishipa ya damu ya mtu. Mayai yake hutoka pamoja na mkojo. Yakifika majini huanguliwa, na kiini kilichomo huogelea kumtafuta konokono. Asipompata kwa muda wa siku moja hivi, hufa. Akimpata, huingia ndani yake na kuzaana kwa wiki kadhaa, ndipo maelfu ya viini vya namna nyingine hutoka kwa konokono huyo mmoja. Viini hivyo hupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa dakika chache tu, na visipompata mtu hufa kabla ya siku ya tatu. Kazi ya konokono katika mzunguko huo ilielezwa Misri na daktari Robert Leiper mwaka 1915, baada ya wataalamu wa Japani kuonyesha jambo hilo hilo kwa kichocho cha kwao mwaka 1913.

"Sasa niambie," mwalimu aliniuliza, "konokono wako waliozaliwa chupani, ambamo hakuna aliyekojoa, wamepata wapi kichocho?"

Hawakukipata popote. Konokono mwenye kichocho hawapi watoto wake ugonjwa huo kwa njia ya mayai. Konokono wangu wadogo walikuwa safi kama dafnia.

Jioni ile nilisema mbele ya wote nyumbani, ingawa muhula ulikuwa haujaisha. Nilisoma katika daftari langu. Mbu hazaliwi na malaria. Saiklopu hazaliwi na mnyoo. Konokono hazaliwi na kichocho. Wote watatu hutoka katika mayai yao wakiwa hawana kosa, na wote watatu huchukua ugonjwa kutoka kwa mwenye ugonjwa.

Mama akauliza, "Basi wale konokono wa dimbwini, nani aliyewapa?"

Nikajibu, "Ni sisi, Mama. Ni watu."

Kukawa kimya. Kisha mdogo wangu, aliyekuwa ameinama, akasema polepole, "Tukiogelea kule, hakuna atokaye nje kukojoa. Wote hukojoa mumo humo." Mama hakumgombeza. Alikaa akiitazama kanga iliyofunika chupa juu ya kabati, halafu akainuka, akaishusha chupa, akaifunua, akairudisha juu ya meza karibu na dirisha.

Jumamosi iliyofuata aliwaita akina mama jirani pamoja na watoto wao. Nilidhani nitaeleza mimi, lakini alieleza mwenyewe, nami nilishika lenzi tu. Kila mtoto alimtazama konokono mdogo, kisha Mama akamwambia, "Huyu hana ugonjwa. Ukikojoa majini unampa, naye atakurudishia mara elfu." Mzee mmoja mwenye jaruba alisema kwamba kosa si la watoto peke yao, maana hata watu wazima walimao huko hawana choo karibu. Baba akalipeleka neno hilo kwa mwenyekiti wa mtaa, na kwa Jumamosi mbili watu wakachimba choo kando ya majaruba, wakakizungushia makuti. Hospitali hutoa dawa, na shuleni wanafunzi hugawiwa vidonge, lakini vidonge huua minyoo iliyomo mwilini tu. Havimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini kesho. Choo kile ni kidogo, lakini kimesimama mahali ambapo duara la mwalimu laweza kukatwa.

Mtoto wa kereng'ende naye alituaga. Usiku mmoja alipanda juu ya kijiti nilichomwekea, na asubuhi tukakuta gamba lake tupu, na kereng'ende mwenyewe amekaa ndani ya chandarua, mbawa zake zikikauka. Mdogo wangu ndiye aliyemfungulia. Katika jamii yao wako kereng'ende wadogo wa rangi ya manjano wazaao katika madimbwi ya mvua. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa viumbe aishiye visiwa vya Maldives, Charles Anderson, aliandika kwamba hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka Afrika Mashariki wakifuata pepo za msimu, kama majahazi ya wazee wetu, na kwamba safari ya kwenda na kurudi, ambayo huchukua vizazi kadhaa, hupita kilomita 14,000. Yafaa tuwakumbuke hao tuonapo dimbwi la mvua tukadhani hamna kitu.

Ndugu msomaji, ukitaka kufuga kama mimi, anza kwa chupa moja. Usiingie majini, chota kwa kopo lenye mpini mrefu. Toa konokono wote kwa kijiko, usiwaguse kwa mkono. Funika kwa chandarua. Usitie mkono chupani, na chupa ikiwa ya kumwagwa, mwaga pakavu juani, mbali na kisima au mto. Kisha tazama kila siku robo saa, uandike. Na ikiwa ni kiangazi na dimbwi limekauka, usikate tamaa: chukua udongo wa chini yake, uutie katika maji ya mvua, ungoje siku chache. Wale waliolala wataamka.

Mwalimu wetu amekubali kwamba muhula ujao chupa mbili ziwekwe katika maabara ya shule, moja ya wapole na moja ya wakali, na kila kidato kiwe na zamu ya kuandika. Za nyumbani hazitoki; Mama amekataa kuzitoa. Haidra wangu sasa amechipua watoto watatu ubavuni, nami natafuta chupa ya tatu. Mwenye nayo anijulishe.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu